Maktaba Mbili katika Nyumba Moja: Historia ya Jina katika Mfumo wa Debian

0. Utangulizi

Ni kawaida kudhani kwamba historia ya kompyuta ni historia ya mashine tu: kila mwaka mashine ndogo zaidi na yenye nguvu zaidi. Hata hivyo, ipo sura ya historia hiyo ambamo tatizo kubwa lilikuwa la majina. Swali lenyewe lilikuwa hili: vitu viwili vyenye jina moja, ambavyo kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine, vitakaaje katika nyumba moja? Mfumo wa uendeshaji uitwao Debian ulihitaji karibu miaka kumi ili kulijibu.

Yafaa kwanza kueleza neno. Maktaba, kwa maana ya mafundi wa programu, si jengo la vitabu, bali ni faili la maagizo ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja. Faili liitwalo libc.so.6, kwa mfano, huhitajiwa na karibu kila programu ya Debian. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha ya prosesa ya usanifu fulani, na prosesa ya usanifu mwingine haiyafahamu. Ni kama vitabu viwili vya jina moja, kimoja cha Kiswahili na kingine cha Kichina: msomaji akipewa kisicho chake, jina halimsaidii kitu.

1. Nyumba yenye lugha moja

Linus Torvalds alipoitangaza Linux huko Helsinki mwaka wa 1991, kiini hicho kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya prosesa ya Intel 80386. Ian Murdock alianzisha Debian mwezi wa Agosti 1993, nayo ikaanza kwa usanifu huohuo. Toleo la 2.0, la Julai 1998, lilikuwa la kwanza kutolewa kwa sanifu mbili, yaani ule wa Intel na ule wa Motorola 68000. Kufikia toleo la 3.0, la Julai 2002, sanifu zilikuwa 11.

Wingi huo haukuleta mgongano, kwa sababu kila mashine ilisema lugha moja tu. Saraka za /lib na /usr/lib zilitosha kuhifadhi maktaba zote.

2. Mashine yenye lugha mbili

Mambo yalibadilika mwezi wa Aprili 2003, kampuni ya AMD ilipotoa prosesa ya Opteron. Programu ya biti 32 haiwezi kutaja zaidi ya mahali bilioni 4 na kitu katika kumbukumbu ya mashine. Biti 64 ziliuondoa mpaka huo. Lakini Opteron haikuiacha lugha ya zamani, bali iliweza kuendesha programu za biti 64 na za biti 32 kwa wakati mmoja. Watumiaji wengi walizihitaji zote mbili, kwa kuwa programu nyingi za kibiashara zilikuwa zikiuzwa kwa biti 32 tu, bila ya matini yake asilia, wala hakuna aliyeweza kuzitafsiri upya isipokuwa wenyewe.

Hapo ndipo libc.so.6 mbili zilipokutana mlangoni. Red Hat na SUSE ziliwapa wageni wa biti 64 chumba kipya kilichoitwa lib64, na wenyeji wa biti 32 wakabaki katika lib. Debian, iliyoupokea rasmi usanifu wa biti 64 katika toleo la 4.0 la Aprili 2007, iliwapa wageni chumba kikuu, na maktaba za zamani ikazifunga pamoja katika mzigo mmoja ulioitwa ia32-libs.

Kila suluhisho lilikuwa na kasoro yake. Jina la lib64 lilitaja kipimo, halikumtaja mwenye kitu: sanifu za biti 64 ni nyingi, na maktaba ya prosesa ya ARM haikuwa na mahali pa kukaa kando ya ile ya Intel. Mzigo wa ia32-libs nao ulikuwa nakala ya kazi iliyokwisha kufanywa kwingine. Kila dosari ya usalama ilipozibwa katika maktaba moja, ilibidi mzigo wote uundwe upya, au sivyo watumiaji wake wabaki na dosari ileile.

3. Jina kamili

Tollef Fog Heen na Matthias Klose walikuwa miongoni mwa waliotetea njia nyingine, na baadaye Steve Langasek akaiandikia kanuni zake kwa makini. Njia hiyo ilikuwa nyepesi kutamka: kila maktaba iwekwe katika saraka yenye jina kamili la usanifu wake. Ya biti 64 za Intel na AMD ikakaa katika /usr/lib/x86_64-linux-gnu, ya biti 32 katika /usr/lib/i386-linux-gnu, na ya ARM vivyo hivyo katika saraka ya jina lake. Hakukuwa tena na mwenyeji wala mgeni.

Kutenda kulikuwa kugumu kuliko kutamka. Ilibidi kila kifurushi kitangaze tabia yake: kama chaweza kukaa pamoja na ndugu yake wa usanifu mwingine, au kama kimoja tu chatosha kuwahudumia wote. Tena, faili ambalo ndugu hao wanalimiliki kwa pamoja lilipaswa kufanana baiti kwa baiti. Hata hati za maelezo zilileta taabu, kwa sababu chombo cha kuzibana, gzip, huweza kuandika saa ya kazi ndani ya faili. Hati moja ikibanwa mara mbili, hutoka mbili tofauti. Ilipasa chombo hicho kikatazwe kuandika saa.

Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilianza kuzitumia saraka hizo katika toleo la 11.04 la Aprili 2011. Debian yenyewe ilizitoa rasmi katika toleo la 7, mwezi wa Mei 2013, na ia32-libs ikakoma kuwa na kazi.

4. Hitimisho

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika baadaye. Mwezi wa Juni 2019, Ubuntu ilipotangaza kuviacha vifurushi vya biti 32, watumiaji wa michezo na wa programu ya Wine walipinga, na baada ya siku chache ikakubali kuhifadhi baadhi yake. Mwezi wa Agosti 2025, toleo la 13 la Debian lilitoka bila kiini wala kisakinishi cha biti 32. Vifurushi vya usanifu huo vimebaki, lakini kwa ajili ya kukaa ndani ya mashine za biti 64 tu.

Hivyo, usanifu ambao Debian ilizaliwa nao umekuwa mpangaji katika nyumba iliyokuwa yake. Programu zake zinaendelea kuishi kwa sababu zilipewa jina na mahali palipo wazi. Mashine zake hazikupata bahati hiyo: mwenye kompyuta kongwe isiyojua ila biti 32 hana njia ya kuhamia toleo hilo. Jina kamili liliweza kuhifadhi maandishi, lakini halikuweza kuhifadhi chombo kilichoyasoma kwanza.