Mgeni wa Msimu Mmoja

Daftari langu la basketi lina sheria moja. Ukurasa wa kushoto ni wa msimu wa kwanza wa timu mpya, ukurasa wa kulia ni wa msimu wake wa pili. Siku timu inapoingia kwenye ligi ya mji naandika jina lake juu ya kurasa zote mbili, kisha nangoja mwaka upite. Kurasa za kushoto zimejaa tarakimu. Za kulia, nyingi zina jina tu.

Nakaa Bel-Air, komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Ujanani nilicheza. Magoti yalipokataa nikawa mtu wa meza, yule anayeandika pointi na faulo huku wengine wakipiga kelele. Tereni ninayoijua kuliko zote ni ya sementi, na ringi yake moja imeinamia kushoto. Mwezi wa nane, upepo wa kiangazi unapoleta vumbi jekundu, mpira unateleza mkononi kama sabuni. Wenyeji wanaijua ringi ile. Mgeni anaijua akishakosa mara sita.

Nakumbuka timu moja iliyokuja kwa miguu, vijana saba, jezi za kijani za kuazima. Namba walikuwa wamezitengeneza kwa sparadra, ile ya kufungia vidonda. Robo ya kwanza waliongoza. Watu wakaacha kununua karanga, wakasogea. Lakini jua lilikuwa kali na jasho jingi, na sparadra haipendi jasho. Katika robo ya tatu kipande cha juu cha namba 7 kikabanduka, na 7 ikawa 1. Namba 1 halisi alikuwa amekaa kwenye benchi. Refa akanijia mezani: "Mama, faulo hii ya nani?" Nikamwambia ya yule mwenye 7 iliyochoka. Tulicheka, lakini wao hawakucheka. Wao walikuwa saba, wenzao kumi na wawili, na wale kumi na wawili walikuwa wanabadilishana tu kama watu wanaopokezana ndoo kisimani. Wageni walifungwa vibaya. Mwaka uliofuata hawakurudi, na ukurasa wao wa kulia ni mweupe hadi leo.

Siku hiyo nilielewa kitu ambacho nimekiona tena na tena. Kufungwa hakuui timu mpya, maana kila mgeni hufungwa. Timu mpya inakufa kwa kukosa msimu wa pili.

Mji huu wenyewe ni mji wa wageni. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, na watu wakaja kutoka Kasai, Rhodesia na Rwanda kufuata shaba ya kampuni ya Union Minière. Ndiyo maana Kiswahili chetu kina maneno ya kila upande. Timu zetu kubwa za mpira wa miguu nazo zilianza kama wageni wadogo. Mazembe ilizaliwa mwaka 1939, mikononi mwa wamonaki Wabenedikto, kwa jina la Saint-Georges. Mwaka huohuo ikazaliwa Saint-Éloi, ambayo leo tunaiita Lupopo, ikibeba jina la mtakatifu wa mafundi wa chuma. Tazama nyuma ya majina hayo: huku kuna kanisa, kule kuna watu wa karakana na reli. Timu iliyokuwa na parokia au kampuni mgongoni ikifungwa Jumapili, Jumatatu mpira bado upo, jezi bado zipo, lori la kuwapeleka bado lipo. Mazembe ile, ilipokuwa ikiitwa Englebert, ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968. Ilikuwa imepewa karibu miaka 30 ya kukua.

Basketi nayo iliingia kwetu kwa mlango wa shule na parokia. Lakini kampuni zilipenda zaidi mpira wa miguu, na basketi ikabaki mtoto wa kulelewa na bibi: anapendwa, ila viatu vyake ni vya kurithi.

Nilikuwa na miaka 12 wanawake wa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, walipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1983. Wakatwaa tena 1986, wakatwaa tena 1994. Kwa sisi wasichana wa Bel-Air jambo hilo halikuwa dogo. Mama yangu, ambaye alikuwa akisema mchezo wa kurukaruka unaharibu msichana, aliacha kusema. Mwaka 1996 wakaenda Olimpiki ya Atlanta, mara ya kwanza kwa nchi yetu katika basketi ya wanawake. Tulisikiliza redio kandokando ya mbabula ya makaa, bukari, ugali wetu, likipoa kwenye sahani. Marekani iliwafunga 107 kwa 47. Hawakushinda mechi hata moja.

Nilichokiona baadaye kiliniuma kuliko zile pointi 60. Watu walianza kusema, "Basi, tuliona kiwango chetu." Kana kwamba mtihani unafanywa mara moja tu duniani. Kumbe katika timu ileile alikuwamo Mwadi Mabika, msichana wa Kinshasa. Yeye alicheza Marekani, kule Los Angeles, na mwaka 2001 na 2002 akawa bingwa wa ligi ya wanawake ya huko. Mtu mmoja alipata msimu wa pili, na wa tatu, na wa nne. Timu haikuupata. Tangu Atlanta, wanawake wa Kongo hawajarudi Olimpiki.

Mfano wa pili ni mtoto wa hapahapa. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Aliondoka akiwa kijana mdogo, akapitia Yemen, akafika Hispania, na mwaka 2011 akachaguliwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Timu aliyoingia ni Charlotte, timu changa iliyojiunga na ligi mwaka 2004. Msimu wa kwanza wa Biyombo walishinda mechi 7, wakapoteza 59. Kwa asilimia ya ushindi, ndio msimu mbovu kuliko yote katika historia ya NBA. Mtoto wa Lubumbashi alikuwa pale ndani, akirudi chumba cha kubadilishia nguo kila usiku na kichwa chini. Hakuna aliyeivunja timu ile. Mwaka 2016, akiwa Toronto, aliokota ribaundi 26 katika mechi moja ya mchujo dhidi ya Cleveland, rekodi ya klabu ya Toronto. Vijana wangu wanajua zile 26. Mimi nawafundisha zile 59.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2021 ilianza ligi ya basketi ya Afrika, BAL, inayoendeshwa na NBA pamoja na FIBA. Mechi ya kwanza ilichezwa Kigali tarehe 16 mwezi wa tano. Msimu wa pili, 2022, timu 12 ziligawanywa makundi mawili, moja likaitwa Sahara, jingine Nile, na katika kila kundi timu nne zilivuka kwenda Kigali. Kundi la Nile lilicheza Kairo mwezi wa nne. Lilikuwa na Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi; Petro de Luanda ya Angola; FAP ya Kamerun. Hao watatu walikuwa wamecheza mwaka uliotangulia. Wengine watatu walikuwa wageni kabisa: Cape Town Tigers ya Afrika Kusini, Cobra Sport ya Sudan Kusini, na Espoir Fukash. Espoir Fukash ya Lubumbashi!

Hamjui furaha ile. Vijana walikusanyika kwangu kuizunguka simu moja, maana televisheni bila umeme ni meza tu. Mmoja akaniuliza, "Yaya, hawa ni watu wetu kweli, wako Misri?" Nikamwambia ni wetu. Nilifungua daftari, nikaandika jina juu ya kurasa mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika mle timu iliyokwenda kucheza nje ya mji.

Mgeni katika kundi kama lile anakutana na mambo ambayo mazoezi ya nyumbani hayamfundishi. La kwanza ni kalenda. Kwetu unacheza mwisho wa juma, unapumzika, magoti yanarudi. Kule Kairo zilikuwa mechi tano ndani ya siku kumi hivi, na jana umelala umechelewa. La pili ni benchi. Katika robo ya kwanza wachezaji watano wa timu ndogo wanaweza kutazamana uso kwa uso na watano wa timu kubwa. Tofauti inaanzia kwa mchezaji wa sita na kuendelea. La tatu ni wachezaji wa nje: ligi iliruhusu kila timu kuwa na wanne, na aliyeweza kuwalipa wazuri aliongeza nguvu pale palipo dhaifu. Ni ile hadithi ya sparadra, ila sasa iko mbele ya kamera.

Zamalek, Petro na FAP walivuka. Kati ya wageni watatu, mmoja alivuka: Cape Town Tigers. Cobra na Espoir Fukash walirudi nyumbani.

Jioni ile vijana waliondoka kwangu bila kelele, na kesho yake nilisikia pale pa kuchajia simu sentensi ileile ya mwaka 1996: "Tuliona kiwango chetu."

Basi tuangalie waliorudi. US Monastir ya Tunisia ilipoteza fainali ya 2021, ikarudi 2022 ikatwaa kombe. Petro de Luanda ilikuwa ya tatu 2021, ya pili 2022, ikashuka tena 2023, na 2024 ikawa bingwa. Cape Town Tigers walirudi 2023 na 2024, na mara zote mbili wakavuka kundi. City Oilers ya Uganda iliingia 2023, haikuvuka. Ikarudi 2024, haikuvuka tena. Sitaki kudanganya: msimu wa pili hauleti ushindi kwa lazima. Lakini yule ambaye hakuurudia hajui kama angeweza.

Watu wa pale pa kuchajia simu wananijibu kwa mfano wa Libya. Mwaka 2025 Al Ahli Tripoli iliingia kwa mara ya kwanza, ikambwaga Petro kwenye fainali kule Pretoria, ikaondoka na kombe. "Unaona, Mama? Pesa tu." Nami nawauliza: mchezaji bora wa msimu ule alikuwa nani? Jean Jacques Boissy, Msenegali, ambaye alishacheza ligi hiyohiyo na AS Douanes ya Dakar. Timu ilikuwa ngeni, mchezaji wake hakuwa mgeni. Kwa hiyo pesa yao ilinunua nini? Ilinunua misimu ambayo wengine walikwisha kuicheza na kufungwa. Asiye na pesa hiyo ana njia moja tu, ya kuicheza mwenyewe.

Jirani zetu wa Sudan Kusini wametuonyesha njia hiyo. Nchi ilipata uhuru 2011. Timu yao ya taifa ilifika kombe la Afrika kwa mara ya kwanza 2021, kombe la dunia 2023, Olimpiki ya Paris 2024, na kule ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Cobra walipotolewa Kairo, nchi ile haikusema imeona kiwango chake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wanadhani methali hii inamsema mgeni. Mimi naisikia ikimsema mwenyeji pia, maana jembe hutoka kwake. Ni viatu, ni nauli, ni paa la tereni wakati wa mvua, ni mtu wa kununua jezi zenye namba zilizoshonwa. Sisi tunampigia mgeni makofi siku mbili, na siku ya tatu, anapongoja jembe, tunamuuliza anaondoka lini.

Hadi msimu wa 2025 hakuna timu ya Kongo iliyorudi BAL. Juzi kijana mmoja anayenisaidia mezani alikuwa anatafuta karatasi nyeupe ya kuandikia majina ya wachezaji. Alifungua daftari, akakuta ukurasa wa kulia wa Espoir Fukash, jina juu, chini tupu. Akataka kuuchana. Nikamwambia achukue wa mwisho wa daftari, maana huu una mtu wake.