Mahojiano ya Upare na Mkono wa Mhariri

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960 chini ya Milima ya Upare, ili kukusanya maji ya mito ya Ruvu na Kikuletwa. Mwandishi anayefika ufukweni kuuliza kwa nini samaki, waliokuwa wengi mno mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipungua baadaye, atapata majibu yasiyolingana: mvuvi mhamiaji ana yake, mfugaji wa Kimaasai ana yake, na ofisa wa uvuvi vilevile. Akishamchagua wa kuzungumza naye, tayari amekwisha kuhariri, na kinasa sauti bado hakijawashwa. Ndiyo maana siafikiani na wanaodai kwamba mahojiano ya kuaminika ni yale tu yasiyoandaliwa wala kukatwa. Mahojiano ya namna hiyo hayajapata kuwapo. Kinachoua imani ni maandalizi yanayofichwa.

Upare wenyewe una ushahidi. Ernst Kotz, mmisionari Msabato kutoka Ujerumani, alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, hata akachapisha sarufi yake mwaka 1909. Kitabu chake kuhusu mila za Wapare, kilichotoka Hamburg mwaka 1922, kina habari nyingi za thamani, lakini jina la kitabu linawatangaza Wapare kuwa watu waliofungwa na hofu; msomaji anapewa hukumu kabla ya kumsikia mzee hata mmoja. Isaria Kimambo, Mpare aliyekusanya masimulizi ya wazee miaka ya 1960 na kuchapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, naye alichagua na kupunguza. Ila alilinganisha simulizi za koo mbalimbali na kuonyesha zilikotoka, kwa hiyo anayemkatalia anajua pa kuanzia.

Kuna hoja nzito dhidi yangu: mzee akijulishwa maswali mapema, atakaa na wenzake, wakubaliane, kisha mhoji aletewe kauli ya baraza. Ni kweli, na hatari yake ni kubwa, kwa sababu mwenye neno tofauti hunyamazishwa kwa heshima. Lakini kumshtukiza mzee hakumpi nafasi ya kukumbuka majina na vizazi. Dawa ni kumpa muda, kumsikiliza barazani na tena peke yake, kisha kumweleza msomaji kipi kilisemwa wapi.

Gharama ya kutofanya hivyo ilionekana katika Mbiru, mgomo wa Wapare dhidi ya kodi. Wakoloni walipoleta kodi ya viwango miaka ya 1940, waliyachukua maneno ya machifu kuwa kauli ya wananchi wote. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka milimani hadi Same kuipinga. Kimambo aliandika kijitabu juu ya mgomo huo mwaka 1971. Miaka michache baadaye Jean O'Barr, mtafiti Mmarekani, akaandika juu ya akina mama wa Upare walioingia katika mapambano hayo, watu ambao serikali haikufikiria kuwauliza kodi hiyo ingewafanya nini majumbani mwao.