Kaburi Lililoelekea Msituni

Masomo: Warumi 6:3-5, 1 Wakorintho 3:4-11



Katika Kawangware, mjini Nairobi, kuna mtaa uitwao Kongo. Huko Kawangware na kule Kibera wamo pia ndugu zetu waliotoka Kongo yenyewe, ambao wengi wao walikimbia vita vilivyoanza mwaka wa 1996. Jirani zao wakifiwa, huchanga fedha na kukodi basi ili kumpeleka marehemu nyumbani mashambani. Lakini ndugu hawa mara nyingi hawana njia ya kurudi kwao, nao huwazika wapendwa wao hapa hapa mjini. Ndipo huuliza: Je, mtu aliyezikwa ugenini, mbali na makaburi ya baba zake, atapumzika kweli? Na ubatizo alioupata kule, mikononi mwa mchungaji asiyejulikana hapa, je, unahesabiwa, au ilimpasa abatizwe tena?

Leo natamani tumtazame mtu aliyesafiri kuelekea upande ule mwingine. Aliingia Kongo akiwa mgeni, akafa huko, akazikwa huko. Huyo ni Apolo Kivebulaya.

Apolo alikuwa Mganda, mtoto pacha, na jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Katika ujana wake alikuwa askari. Alibatizwa mwezi wa Januari 1895 akachagua jina Apolo. Jina Kivebulaya, maana yake kilichotoka Ulaya, watu walimpa kwa sababu ya vazi lake la kigeni. Tangu kubatizwa hazikupita hata miaka miwili, na tayari alikuwa amevuka mto Semliki kwenda Mboga, mahali tunapopaita leo Boga, mashariki mwa Kongo. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1896.

Walimu wawili walikuwa wamemtangulia, wakaondoka kwa sababu ya njaa, kwa maana chifu Tabaro hakutaka walishwe. Apolo alikwenda na jembe. Alilima chakula chake mwenyewe, na huku analima akafundisha.

Shida haikukawia. Mwaka wa 1898, dada yake chifu aliangukia mkuki, akafa. Apolo akashtakiwa kwamba amemwua. Akapigwa, akafungwa, akapelekwa Toro gerezani. Katika dhiki ya siku zile alimwona Kristo katika njozi, akimtia moyo kwamba yu pamoja naye. Alipofunguliwa hakushika njia ya kwao Buganda, bali alirudi Mboga kwa watu wale wale waliompiga. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Hebu tuangalie jambo moja hapa. Apolo alipofika Mboga alikuwa mwalimu tu. Alifundisha watu, akawaandaa, lakini kubatiza ilikuwa kazi ya kasisi. Yeye alifanywa shemasi mwaka wa 1900, na kasisi mwaka wa 1903. Kwa hiyo tangu mwanzo Wakristo wa Mboga walijua kwamba mmoja hufundisha na mwingine hubatiza, na wote wawili si kitu mbele ya yeye akuzaye. Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya jambo hilo hilo, nao walikuwa wakigombana kwa ajili ya jina Apolo! Hakuna aliyebatizwa kwa jina la mchungaji wake. Basi ndugu aliyebatizwa Bukavu au Bunia kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, haji kwetu kuomba ubatizo mwingine. Anakuja nao. Kazi yetu ni kumfungulia mlango na kumpa nafasi ya kukaa.

Mwaka wa 1922 Apolo alifanywa kanoni wa Namirembe. Wengine wakipata cheo cha namna hiyo huona wakati wa kupumzika umefika, na wakaanza kulinda viti vyao. Yeye katika miaka hiyo hiyo aliingia msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau. Kabla hajafa aliona baadhi yao wakibatizwa.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza kwamba asizikwe kichwa kikielekea mashariki kama ilivyokuwa desturi. Mashariki ndiko kwao Buganda. Alitaka kichwa chake kielekee magharibi, kwenye msitu, kwa sababu huko ndiko Injili ilikuwa haijafika.

Ndugu yangu uliyemzika mpendwa wako Nairobi, wasikia hayo? Mtu huyu hakuogopa udongo wa ugenini. Alijua kwamba katika ubatizo alikuwa amekwisha kuzikwa pamoja na Kristo, na aliyezikwa pamoja na Kristo atafufuliwa pamoja naye. Siku ile Bwana hatauliza kaburi liko wilaya gani. Mashamba ya baba zetu ni mema, na kumpeleka marehemu nyumbani si dhambi. Lakini tumaini letu haliko katika shamba.

Nanyi viongozi wenzangu, wazee wa kanisa na wachungaji, kaburi hilo linatuhoji. Sisi tumeelekeza nyuso wapi? Apolo hakuacha kanisa lenye jina lake. Aliacha kazi inayoendelea. Mwaka wa 1972 ikazaliwa dayosisi ya Boga, na mwaka wa 1992 Kanisa la Kianglikana la Kongo likawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake. Mmoja alipanda, wengine wakatia maji.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uwafariji waliowazika wapendwa wao mbali na kwao. Utufanye wamoja katika ubatizo mmoja. Uwape viongozi wetu moyo wa kutazama mbele, kwa wale ambao bado hawajafikiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.