Nyimbo za Unyago: Matusi au Mafunzo?

Pale Feri asubuhi, samaki wakinadiwa, utani wa chumbani haumshtui mtu. Utani huohuo ukitajwa Mlimani kwenye semina ya fasihi simulizi, wote tunainamisha vichwa. Kulikoni? Makala haya yanadai kwamba aibu hii ina historia yake.

Katika mwambao huu, kwa Wazaramo na jirani zao, mwali aliyevunja ungo alifundwa na kungwi. Darasa lenyewe lilikuwa nyimbo: mwili, usafi, ndoa na uzazi, vyote vimefungwa katika mafumbo. Hata zilipoitwa matusi, yalikuwa matusi yenye ruhusa, yaani yana siku yake, mahali pake na watu wake.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza unyago katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903. Lakini Mtoro ni mwanamume. Tunachokisoma humo ni kile kilichovuka ukuta wa ua, siyo darasa zima.

Baada ya Uhuru mambo yakageuka. Wizara ya utamaduni iliundwa mwaka 1962, ngoma zikapandishwa jukwaani. Sindimba ya Wamakonde, yenye mizizi katika jando na unyago, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali. Kiuno kikabaki, somo likaachwa nyuma. Hapo mtazamaji afanyeje kama si kuona uchafu? Wakati huohuo, bendi ya NUTA iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuja kuitwa Msondo Ngoma, na wanaume wa Kariakoo wakaicheza miaka nenda rudi bila kujiuliza kwamba msondo ni ngoma ya wali.

Wapo watakaosema: siri ya wanawake iachwe ilivyo. Hoja hii ina uzito. Bi Kidude wa Unguja aliipiga ngoma ya unyago hadi majukwaa ya ng'ambo, lakini yeye alikuwa mwalimu wa unyago. Alijua anachokitoa na anachokibakiza. Sisi hatujui. Kwa hiyo mtafiti aanze kwa kubisha hodi kwa kungwi, na kungwi ndiye aamue lipi liandikwe.

Ila lile lililoruhusiwa, jamani, tuliandike zima. Tukiweka nukta nukta penye neno zito, tunalitukana sisi wenyewe, na makungwi wanazeeka.