Dakika Tano za Bwana Carrington

Mnaikumbuka ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilipogoma Tanzania, Kenya na kwa majirani? Ujumbe hautoki, picha hazifunguki, kila mtu anazima simu na kuiwasha upya. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Siku mbili kabla yake dhoruba kubwa ya jua ilikuwa imeipiga dunia, na picha za anga la waridi na zambarau kutoka Ulaya na Marekani zilikuwa zimejaa mitandaoni. Nikajumlisha moja na moja. Nikawatangazia wote niliokuwa nao: jua hilo! Baadaye ikaja habari kwamba kebo mbili za mawasiliano zimekatika chini ya bahari, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nikanywea.

Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa Richard Carrington, mtu aliyekuwa na sababu nzuri zaidi yangu ya kutangaza, naye hakutangaza.

Alikuwa Mwingereza, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia. Alijijengea kituo cha kutazamia nyota pale Redhill, kusini mwa London, na tangu 1853 akashika kazi ambayo wengi wetu ingetuchosha ndani ya wiki moja: kila siku isiyo na mawingu, alichora madoa meusi ya jua. Hakulichungulia kwa jicho, angepofuka. Aliiacha darubini itupe sura ya jua juu ya kioo kilichopakwa rangi, duara la upana wa sentimita 28 hivi, kisha akapima. Kwa uvumilivu huo alionyesha kwamba jua halizunguki kama mpira mgumu. Kiunoni huzunguka haraka kuliko huko karibu na ncha zake.

Alhamisi, 1 Septemba 1859, saa 5:18 asubuhi, alikuwa akichora kundi kubwa la madoa. Ghafla juu ya madoa yale ikatokea mianga miwili, myeupe, mikali kuliko jua lenyewe. Wazo lake la kwanza lilikuwa la fundi: bila shaka pazia limetoboka, nuru inavuja. Akaitikisa sura ya jua kwenye kioo. Mianga ikasogea pamoja na jua. Basi ilikuwa kweli. Akatoka mbio kutafuta shahidi, yeyote. Aliporudi, hata dakika moja haijaisha, mianga imekwisha kufifia. Saa 5:23 hakuna kitu.

Hapa ndipo ninapompenda. Taarifa aliyoiandikia Chama cha Kifalme cha Wanafalaki ni ya kurasa chache tu, lakini hakuificha ile mbio wala fadhaa aliyorudi nayo. Angeweza kuandika kama mtu aliyekaa imara kitini mwanzo mpaka mwisho. Nani angejua? Kwa bahati, Richard Hodgson, naye akiwa na darubini yake London, aliyaona hayo hayo wakati ule ule. Shahidi akapatikana.

Kisha dunia ikachafuka. Saa kumi na saba na ushee baada ya mmweko ule, sumaku za dira zilianza kuyumba. Mianga ya rangi, ambayo kwa kawaida ni ya watu wa karibu na ncha za dunia, ikaonekana hadi Cuba na Hawaii. Nyaya za telegrafu zikatoa cheche. Kati ya Boston na Portland, huko Marekani, wapiga simu wawili waliafikiana kuchomoa betri zao, wakaendelea kupelekeana habari kwa karibu saa mbili kwa umeme uliotoka angani tu. Huku kwetu dhoruba haikupata cha kuvuruga: kebo ya telegrafu ilifika Unguja 1879.

Sasa tazama alichokuwa nacho mkononi. Ameona mmweko. Vipimo vya sumaku vya kituo cha Kew vilishtuka dakika zile zile, na kesho yake vikavurugika vibaya. Carrington aliyataja haya, akasema yanafaa kuangaliwa, lakini akakataa kuyafunga pamoja kwa haraka. Kwake yeye, mvua ya kwanza haikuwa ya kupandia.

Na kusema haki, mtego ulikuwepo. Mmweko haukuwa ndio ulioipiga dunia. Nuru yake ilikuwa imefika kwa dakika nane na kwenda zake. Kilichopiga ni kitu ambacho hakuwa na namna ya kukiona. Juu ya uso wa jua huning'inia tepe ndefu za gesi yenye umeme, filamenti, zikishikiliwa na nguvu za sumaku kama nguo kambani. Kamba ikikatika, utepe hufyatuka, na mara nyingi huondoka na wingu zima kutoka kwenye korona (siyo ile ya barakoa, hii ni taji ya gesi inayolizunguka jua). Mabilioni ya tani. Mmweko na wingu huweza kuzaliwa pamoja, ila wingu linasafiri kwa mguu, tuseme. Linachelewa, na linakwenda upande mmoja.

Huo upande mmoja ndio uliomponza Lord Kelvin. Mwaka 1892, akiwa rais wa Royal Society, alipiga hesabu: ili jua lisababishe dhoruba moja ya sumaku ya saa nane, lingehitaji kutumia nguvu sawa na nuru na joto lake la miezi minne. Haiwezekani, akasema, imesadifu tu. Hesabu ilikuwa safi. Ila alidhani jua linatupa nguvu hiyo pande zote sawia, kama taa.

Carrington hakuwepo kumjibu. Baba yake alikuwa amefariki 1858 na kiwanda cha bia kikamwangukia yeye. Kufikia 1861 kazi ya madoa ilikuwa imesimama. Alikufa 1875, ana miaka 49.

Wingu lenyewe lilinaswa tarehe 14 Desemba 1971, na satelaiti ya Marekani iitwayo OSO-7, iliyobeba chombo cha kulifunika jua ili korona ionekane. Katika picha doa jeupe lilikuwa likiondoka kwenye jua, picha baada ya picha. Fundi aliyeliona kwanza alidhani kamera imeharibika.