Ustaarabu wa Asia katika Njia ya Tabora

Mwanafunzi wa chuo kikuu afunguapo kitabu juu ya ustaarabu wa Asia, mara nyingi hudhani kwamba anaanza safari ya mbali. Makala hii fupi inakusudia kuonyesha kwamba safari hiyo yaweza kuanzia Tabora, na kwamba kwa mtumishi wa Kanisa namna ya kuianza si jambo dogo.

Burton na Speke walipofika Kazeh, palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa asili ya Oman. Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, naye alikuwa amekwisha kufanya makao yake huko. Kaniki za India na shanga zilipanda kutoka pwani. Pembe za ndovu zilishuka, na sehemu yake ikavuka bahari hadi Bombay na kuwa bangili za maharusi wa Kihindi. Abdul Sheriff, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1987 jinsi biashara hiyo ilivyotegemea mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Zanzibar.

Hata hivyo, Asia haikufika Unyanyembe kwa miguu yake yenyewe. Ilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi, walioijua njia ya pwani kabla Waarabu hawajafika kwao. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Watemi nao hawakuwa watazamaji tu: Karunde, binti Fundikira, aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, naye Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871.

Hayo hayafuti uovu uliotendeka. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, na wengine walibakizwa Unyanyembe kulima mashamba ya mabwana zao. Utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Historia inayoficha jambo hili ni historia ya uongo.

Elimu yenyewe pia ina historia yake. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki. Humo Kiswahili kilifundishwa pamoja na Kiarabu, Kichina na Kijapani, na mwalimu wake alikuwa Carl Büttner, aliyewahi kuwa mmisionari katika Namibia. Ni katika jarida la seminari hiyo, miaka ya 1902 na 1903, kwamba maisha ya Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapwa kwa mara ya kwanza. Tunaishukuru kazi hiyo; lakini yafaa kukumbuka kwamba seminari iliwaandaa pia maofisa wa kutawala makoloni. Kumjua mtu si lazima kuwe kumpenda.

Basi, sisi tujifunze kwa kusudi gani? Neno tulitumialo, ustaarabu, lenyewe limetokana na Uarabu. Maneno Kanisa, Injili, msalaba, imani na neema yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Mhubiri asimamaye Tabora na kumtaja Mwarabu kama mwuza watu tu, anamshutumu kwa maneno aliyoyapokea kwake. Aidha, wasikilizaji wake wana majirani Waislamu, ambao wengi wao ni Wanyamwezi kama wao, nao hawakumwuza mtu yeyote.

Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliifafanua Amri ya Nane kuwa haikatazi tu kumsingizia jirani. Yatuagiza pia kumtetea na kunena mema juu yake. Amri hiyo haitutaki kuficha minyororo. Yatutaka kumtaja aliyefunga na aliyefungwa kwa jina lake, bila kumhukumu mjukuu kwa kosa la babu, na bila kusahau kwamba Waafrika na Wazungu nao walishiriki katika faida ya biashara ile.

Mwanafunzi aliyejifunza hivyo huko Tabora atakuwa tayari kusoma habari za Oman, India na hata China. Atakuwa amekwisha kufundishwa kwamba ustaarabu wa wengine husomwa kwanza katika uso wa jirani.