Mwongozo wa mtandaoni

Mwongozo wa mtandaoni ni hati ya maelekezo inayosomwa kwa kivinjari, kama vile Chrome au Firefox. Tofauti na kitabu, msomaji halazimiki kufuata kurasa kwa mpangilio. Huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa kubofya viungo.

Asili yake ni kazi ya Tim Berners-Lee, mwanasayansi wa Uingereza, aliyependekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Tovuti ya kwanza, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1991, ilikuwa yenyewe mwongozo: ilieleza wavuti ni nini na jinsi ya kuutumia.

Mwongozo mrefu kwa kawaida huanza na orodha ya yaliyomo. Kila kichwa ni kiungo kinachompeleka msomaji kwenye sehemu husika, na anwani ya ukurasa iliyo juu ya kivinjari huongezewa alama ya reli (#) pamoja na jina la sehemu hiyo. Anayenakili anwani hiyo humwelekeza mwenzake mahali penyewe, si mwanzo wa ukurasa. Kitufe cha kurudi humrejesha msomaji alikotoka.

Ili kutafuta neno, msomaji hubonyeza Ctrl na F kwa pamoja. Kwenye kompyuta za Apple ni Command na F. Kivinjari hupaka rangi neno hilo lilipo.

Miongozo hubadilishwa mara kwa mara, hivyo ni muhimu kuangalia tarehe ya marekebisho kabla ya kuifuata.